Goti la Van Dijk na Euro Aliyoikataa

Oktoba 17, 2020, dakika ya sita ya mchezo wa watani wa jadi wa jiji la Liverpool, kipa wa Everton, Jordan Pickford, alitoka golini na kumvaa beki wa Liverpool, Virgil van Dijk, gotini. Waamuzi wakaona Van Dijk alikuwa ameotea, Pickford hakuonyeshwa kadi, na dakika ya 11 Joe Gomez akaingia kuchukua nafasi ya beki huyo. Mechi iliisha 2-2 pale Goodison Park. Kwenye vibanda umiza vya huku kwetu ubishi wa kadi nyekundu uliendelea kwa wiki kadhaa, na wapo wanaoubeba mpaka leo. Waendelee nao. Ninachotaka kukichambua ni miezi iliyofuata, hasa uamuzi mmoja wa Mei 2021 ambao kwa maoni yangu ulililinda goti lile sawa na upasuaji wenyewe.

Mgonjwa alikuwa na miaka 29, nahodha wa Uholanzi, na kwa misimu miwili mfululizo alikuwa amecheza mechi zote 38 za ligi. Hilo lina faida: anayeingia chumba cha upasuaji na mapaja yenye nguvu hutoka akiwa na akiba. Lina hatari pia, kwa sababu mtu asiyezoea kukaa nje ndiye mwenye haraka ya kurudi.

Siku iliyofuata klabu ilitangaza kwamba ligamenti ya goti imeumia na upasuaji utahitajika. Inayozungumzwa ni ile ya mbele, inayokatiza katikati ya goti kwa mshazari kutoka mfupa wa paja hadi mfupa wa muundi, maarufu kwa herufi ACL. Kazi yake ni kuuzuia mfupa wa muundi usichomoke kwenda mbele, na usizunguke kupita kiasi pale mwili unapogeuka ghafla huku mguu umeganda chini. Ukitembea kwa mstari ulionyooka huihitaji sana. Ndiyo maana Van Dijk alitoka uwanjani akichechemea badala ya kubebwa kwa machela, na ndiyo maana vijana wengi wa mitaani hudanganyika. Wiki tatu zinapita, uvimbe unaisha, anakimbia barabarani anaona mambo shwari, kisha Jumamosi anaingia kwenye ndondo na goti linamponyoka mara ya kwanza anapomgeuka mtu. Kila linapoponyoka hivyo, gegedu zilizo kati ya mifupa zinasagwa, na gegedu iliyochanika haijirudi kirahisi. Madhara ya pili mara nyingi huwa mabaya kuliko ya kwanza.

Je, kila aliyekatika ACL lazima apasuliwe? Hapana, na hili wengi hawaambiwi. Mwaka 2010 lilichapishwa jaribio la Sweden lililofuatilia vijana 121 wapenda michezo. Waliogawiwa kuanza na mazoezi tiba, wakiwa na ruhusa ya kupasuliwa baadaye kama goti litaendelea kuwasumbua, hawakuwa na hali mbaya kuliko waliopasuliwa mapema. Na baada ya miaka mitano karibu nusu yao walikuwa hawajafanyiwa upasuaji wa ligamenti hiyo. Fundi cherehani au mwalimu anayetaka kutembea, kupanda daladala na kucheza na wanawe anaweza kabisa kuishi vizuri bila upasuaji, mradi mapaja yake yafanyiwe kazi. Beki wa kati anayeruka, anatua kwa mguu mmoja na kugeuka kumfuata mshambuliaji mwenye kasi yuko kwenye kundi lingine. Kwake upasuaji ulikuwa na sababu.

Ulifanyika London Oktoba 30, siku 13 baada ya kuumia. Kwa shabiki huo ni ucheleweshaji. Kwa daktari wa mifupa, ukimpasua mtu goti likiwa limejaa na halinyooki, unamtengenezea hatari ya goti gumu lililojaa makovu ambalo halitanyooka tena vizuri. Kwa hiyo siku za kusubiri zina kazi: kupunguza uvimbe, kulirudishia goti uwezo wa kunyooka kabisa, kuiamsha misuli ya mbele ya paja. Mgonjwa wa kwetu anayepangiwa tarehe ya miezi minne mbele kwenye hospitali ya umma huona ameonewa, na pengine kweli ameonewa, lakini miezi hiyo minne ni mtaji. Akiitumia kuendesha baiskeli isiyotembea na kuimarisha paja, ataingia chumba cha upasuaji akiwa mbele ya yule aliyelala nyumbani akisubiri simu.

Ligamenti iliyokatika kwa kawaida haishonwi ikarudi kama zamani. Daktari huchukua kano ya mgonjwa mwenyewe, ya nyuma ya paja, au kipande cha ile inayoshuka kutoka pia ya goti, au ya juu ya pia, akaipitisha kwenye matundu aliyotoboa katika mfupa wa paja na wa muundi, akaifunga. Kuanzia hapo inafanya kazi ya ligamenti. Ila kinachofuata ndicho kiini cha kisa hiki. Kano ile imekatwa kutoka kwenye damu yake. Ni mche uliohamishwa shamba: kabla haujashika mizizi, hunyauka kwanza. Seli zake nyingi hufa, mishipa midogo ya damu huingia taratibu, nyuzi mpya hujipanga. Katika mwezi wa pili na wa tatu pandikizo huwa dhaifu kuliko lilivyokuwa siku ya upasuaji, na ukarabati wake wa ndani huendelea kupita mwaka mmoja.

Sasa tazama mtego ulipo. Mwezi wa tatu ndipo maumivu yanapokuwa yameisha. Magongo yameshawekwa uvunguni, makovu yamekauka, mtu anashuka ngazi bila kushika ukuta. Anajisikia amepona wakati ambapo kitu alichowekewa ndani ya goti ni dhaifu kuliko wakati wowote. Hisia na hali halisi zimepishana, na hakuna kipimo cha nyumbani kinachoweza kumwonyesha. Ni kalenda tu na nidhamu.

Wiki za mwanzo zina mambo machache ambayo ukiyakosa yanakugharimu miezi. La kwanza ni kunyoosha goti. Kupinda huja kwenyewe kwa mazoezi. Kunyooka kukipotea mapema hupatikana kwa shida sana. Weka kisigino juu ya taulo lililokunjwa, acha goti lining'inie bila kitu chini yake, mara kadhaa kwa siku. Na hapa niseme jambo ambalo ndugu na jamaa hulifanya kwa upendo: kumwekea mgonjwa mto chini ya goti. Anapata raha, ni kweli, lakini goti linajifunza kukaa limepinda. Toeni huo mto. Mguu ukiinuliwa, uinuliwe kwa kuweka mto chini ya kisigino.

La pili ni misuli ya mbele ya paja. Baada ya goti kuumia na kuvimba, mfumo wa fahamu hukata mawasiliano na misuli hiyo kana kwamba unalilinda goti, na paja husinyaa ndani ya siku chache hata kwa mwanamichezo. Kukaza paja huku mguu umenyooka, kisha kuinua mguu mzima bila goti kujikunja, ni mazoezi ya kitoto kwa macho ya mtu mzima, na ndiyo maana huachwa. Paja lililobaki jembamba mwezi wa sita kwa kawaida lilianza kupuuzwa wiki ya pili.

La tatu ni kuchua. Kwetu goti likiumia huitwa mtu wa kukanda kwa maji ya moto na mafuta. Goti lililotoka kupasuliwa halihitaji hayo. Linahitaji barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, kuinuliwa, na vidonda kuachwa vikavu. Shavu la mguu likivimba na kuuma, usiruhusu mtu alikande hata kidogo, kwa sababu huenda ni damu iliyoganda kwenye mshipa na kuikanda kunaweza kuisukuma kwenda mapafuni. Hiyo ni safari ya hospitali siku hiyohiyo. Vivyo hivyo homa, au kidonda kinachotoa usaha.

Turudi Liverpool, kwa sababu majira ya baridi ya 2020-21 yalikuwa mtihani wa pili wa goti hili, na huu haukuwa wa kitabibu. Gomez aliyempokea Van Dijk akaumia goti naye mwezi Novemba. Joel Matip akafuata. Kocha Jürgen Klopp akalazimika kuwapanga viungo Fabinho na Jordan Henderson katikati ya ulinzi, kisha vijana Nat Phillips na Rhys Williams. Mabingwa watetezi wakapoteza mechi sita mfululizo za ligi kwenye uwanja wao wa Anfield, jambo ambalo halikuwahi kutokea katika historia ya klabu hiyo. Kila wiki swali lilikuwa moja: Van Dijk anarudi lini?

Klabu haikutaja tarehe. Tangu taarifa zake za mwanzo walisema hawaweki muda maalumu wa kurejea, na wakaushikilia msimamo huo timu ikiwa inaungua. Naliona hilo kuwa tiba. Tarehe ikishatangazwa, kila mtu huanza kuihudumia tarehe badala ya goti: kocha anaipangia mechi, mwandishi anaihesabia siku, mchezaji mwenyewe anameza dawa ya maumivu ili asiipitishe. Pasipo tarehe, mtaalamu wa fiziotherapia ana uhuru wa kusema leo goti limevimba, tunarudi hatua moja nyuma. Uvimbe wa asubuhi baada ya mazoezi ya jana ndiyo taarifa ya kuaminika kuliko zote, na haihitaji mashine.

Halafu ikaja Mei. Fainali za Euro 2020, yaani za Kombe la Mataifa ya Ulaya, zilizosogezwa mwaka mmoja kwa sababu ya korona, zilikuwa zianze Juni 2021, na Uholanzi ingecheza mechi zake za kundi nyumbani Amsterdam. Kwa nahodha ambaye nchi yake haikufuzu Euro 2016 wala Kombe la Dunia 2018, yangekuwa mashindano makubwa ya kwanza ya maisha yake. Mei 12 akatangaza kwamba haendi. Maelezo yake yalikuwa mafupi: kimwili anaona ndio uamuzi sahihi, na mapumziko ya msimu atayatumia kumalizia awamu ya mwisho ya kujijenga.

Piga hesabu. Mechi ya kwanza ya Uholanzi ilikuwa Juni 13 dhidi ya Ukraine. Kutoka Oktoba 30 hadi siku hiyo ni miezi saba na nusu. Wachezaji wengi wa daraja la juu Ulaya hurudi katika kipindi hichohicho. Ufuatiliaji wa miaka 15 wa klabu zinazoshiriki mashindano ya UEFA ulionyesha wastani wa kama miezi saba na siku kadhaa kabla ya mechi ya kwanza. Kwa hiyo angeenda, hakuna ambaye angemshangaa. Ila ufuatiliaji huohuo ulionyesha jambo jingine: karibu wote walirudi ndani ya mwaka, lakini miaka mitatu baadaye ni asilimia 65 tu waliokuwa bado wanacheza ngazi ya juu kabisa. Kurudi ni jambo moja, kubaki ni jambo jingine.

Utafiti ninaoupa uzito zaidi hapa ulichapishwa 2016, ukihusisha wagonjwa 106. Waliorudi kwenye michezo ya kugeuka na kugongana walipungukiwa na hatari ya kuumia tena goti kwa asilimia 51 kwa kila mwezi waliochelewa, mpaka mwezi wa tisa. Baada ya mwezi wa tisa kuchelewa zaidi hakukuonyesha nyongeza. Na wale waliorudi bila kufaulu vipimo vya nguvu na kuruka, asilimia 38 waliumia tena. Waliofaulu ni chini ya asilimia 6.

Van Dijk alionekana tena uwanjani Julai 29, 2021, katika mechi ya kirafiki dhidi ya Hertha Berlin mjini Innsbruck, Austria. Aliingia dakika ya 69 pamoja na Gomez. Miezi tisa kasoro siku moja. Liverpool walifungwa 4-3 na sidhani kama kuna mtu alijali. Mechi ya kwanza ya mashindano ilikuwa Agosti 14 ugenini kwa Norwich, dakika zote 90, ushindi wa 3-0. Kati ya hizo mbili kulikuwa na dakika zilizoongezwa kidogo kidogo kwenye mechi ambazo matokeo yake hayahesabiwi. Euro isingempa ngazi hizo. Ingemtoa moja kwa moja mazoezini na kumweka mbele ya washambuliaji wanaopigania taifa.

Miezi tisa peke yake haitoshi, na hapa ndipo wengi wanaosoma kisa hiki hukosea. Mtu anayekaa kwenye kochi miezi tisa ana goti la miezi tisa lenye paja la mwezi mmoja. Madaktari wa Aspetar, hospitali ya michezo ya Qatar, waliwafuatilia wanasoka na wanamichezo 158 wa kulipwa: walioruhusiwa kabla ya kutimiza vigezo sita vya kutoka walikuwa na hatari mara nne ya kukata pandikizo. Vigezo hivyo vinahusu nguvu ya paja, kuruka kwa mguu mmoja, wepesi wa kukimbia na kugeuka, na kukamilisha mazoezi ya uwanjani ya mchezo husika.

Sehemu ya vipimo hivyo inawezekana hata pasipo mashine. Ukiwa na futi ya fundi na uwanja usio na mashimo, ruka mbele kwa mguu mzima mara tatu, chukua ruko refu; fanya hivyo kwa mguu uliopasuliwa. Kama mguu mzima umefika sentimita 150, mwingine ufike angalau 135, yaani asilimia 90, na utue ukabaki umesimama bila goti kuingia ndani. Kisha ruka mara tatu mfululizo, pima tena. Keti kwenye kiti, simama kwa mguu mmoja, hesabu mpaka uchoke, linganisha. Lakini kuna ujanja ndani yake: mguu mzima nao umelegea kwa miezi ya kukaa, kwa hiyo kulingana nao kunaweza kumaanisha miguu yote miwili ni dhaifu. Aliyepimwa kabla ya upasuaji na kuandika namba zake ana faida kubwa. Na haya hufanywa mwishoni mwa safari, mbele ya mtaalamu, kamwe si mwezi wa tatu nyuma ya nyumba kwa kutaka kujua tu.

Kuna pia kichwa. Goti linaweza kufaulu vipimo vyote huku mwenyewe akisita kwenye kila mpira wa hamsini kwa hamsini, na anayesita hutua vibaya. Wataalamu hutumia dodoso la kupima utayari wa moyoni, lakini kocha wa mtaani mwenye macho anaweza kuliona: mchezaji anapokea pasi kwa mguu uleule kila mara, anageukia upande mmoja tu. Huyo bado. Ukimwambia aache woga humsaidii. Mpe mazoezi ya kugongana kidogo kidogo mpaka mwili uzoee.

Mfano wa upande wa pili ni Zlatan Ibrahimović. Aliumia Aprili 20, 2017 akiwa Manchester United, akafanyiwa upasuaji Marekani, akarudi Novemba 18 mwaka huohuo, chini ya miezi saba, akiwa na miaka 36. Dunia ilipiga makofi, na alistahili. Lakini ndani ya mwezi na kidogo matatizo ya goti yakamweka nje tena, na msimu ule akaichezea United mechi saba tu kabla ya kuondoka Machi. Baadaye alicheza miaka mingine kadhaa, kwa hiyo sisemi aliharibu maisha yake. Nasema haraka ile haikuinunulia timu yake kitu.

Van Dijk msimu wa 2021-22 alicheza mechi 51, zikiwemo 34 za ligi. Liverpool wakatwaa vikombe viwili vya ndani, wakaukosa ubingwa wa ligi kwa pointi moja, wakafungwa na Real Madrid kwenye fainali ya Ligi ya Mabingwa. Wachezaji wenzake wa kulipwa wakamchagua kwenye kikosi bora cha mwaka. Tahadhari haikuisha hata hapo: fainali ya Kombe la FA dhidi ya Chelsea ilipokwenda muda wa nyongeza, alitolewa na Matip akaingia. Wiki mbili baadaye alikuwa Paris akicheza fainali nyingine.

Mtu mmoja hathibitishi kanuni, na huyu alikuwa na timu nzima ya wataalamu na mshahara ulioendelea kuingia akiwa amelala. Dereva wa bodaboda mwenye mkataba wa pikipiki hana hiyo miezi tisa, na kumwambia asubiri bila kumwambia atakula nini ni maneno matupu. Kwake mpango lazima utenganishwe: kazi ya kukaa hurejea ndani ya wiki chache, kuendesha pikipiki hungoja mpaka mguu uweze kukanyaga chini ghafla na kubeba uzito bila goti kulegea, na mpira wa Jumapili ndio unaokuwa wa mwisho kabisa. Mara nyingi mambo hufanyika kinyume, mpira kwanza kwa sababu una raha na mazoezi mwisho kwa sababu yanachosha. Hata gharama ya fiziotherapia inapangika: kumwona mtaalamu mara moja kila wiki mbili au tatu akakupandishia ngazi ya mazoezi, na siku zilizobaki ukayafanya nyumbani kwa ngazi za nyumba, ndoo ya maji na begi la mchanga, ni bora kuliko kuhudhuria kila siku mwezi wa kwanza kisha hela ikaisha kabla hujaanza kukimbia.

Aliyekwisha kurudi uwanjani naye asiyaache mazoezi ya mguu mmoja, angalau mara mbili kwa wiki kwa mwaka mzima unaofuata, kwa miguu yote miwili, maana goti la pili nalo huwa hatarini. Timu ikichukua mpango wa kupasha misuli wa FIFA 11+, ni dakika 20 kabla ya mazoezi, na kifaa kinachohitajika ni mpira.